Taa Moja Angavu, Moja ya Ukungu

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya Fundi Rangi,
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Habari za huko, na habari za mgongo wako? Natumaini sasa unainama kufunga kamba za viatu bila kumwita mkeo. Sisi huku hatujambo. Mguu wangu wa kushoto unalalamika asubuhi tu, mchana unasahau. Shemeji yako ni mzima na bado anakoroma, ingawa anakana hadi leo.

Barua yako imefika. Umeuliza kama nitakuja stesheni kukupokea kama miaka yote, au utafute usafiri. Swali dogo, lakini umelichomeka penye kidonda. Kaa vizuri nikueleze.

Mwezi uliopita, jua likizama, nilikuwa naingiza gari uani nikaikwaruza nguzo ya geti. Kukwaruza tu, nguzo ipo na gari lipo. Lakini binti yangu muuguzi alikuwa barazani. Akaja, akachomoa ufunguo, akautia kwenye mfuko wa sare yake kama anayemnyang'anya mgonjwa sigara. Akasema baba haoni vizuri, na wewe atakuja kukupokea yeye. Kijiti, yule mtoto anaendesha kama amepakia mayai. Mngefika nyumbani umeshaota ndevu nyingine.

Nikamwambia macho yangu hayana kosa, kosa ni la taa. Na kweli taa za mbele zilikuwa zimefifia, vioo vyake vya plastiki vimekuwa vya njano kama kucha za mvuta tumbaku. Tukakubaliana: nizisafishe, kisha tuone. Nikionekana naona, ufunguo unarudi.

Fundi Rangi, jirani yetu anayepaka magari, akanipa vipande vya msasa wa maji na utepe wa karatasi wenye gundi wa kuzungushia taa, nisije nikachubua rangi ya bodi. Akaanza kunielekeza, nikamwambia aende zake, nimesugua vitu tangu yeye hajazaliwa.

Sasa sikiliza, na usicheke, maana wewe uliishia darasa la nne na mimi la tano, kwa hiyo bado nakuzidi. Nyuma ya msasa pana namba. Kiatu namba tisa ni kikubwa kuliko namba saba. Msumari wa inchi sita ni mkubwa kuliko wa inchi mbili. Basi nikajua msasa namba elfu mbili ndio wenye meno, na wa mia nne ndio wa kulainishia. Nikaanza na elfu mbili, nikaenda na elfu moja, nikamalizia kwa mia nne, kwa nguvu zote, taa zote mbili, huku nikimwagia maji na kuimba. Njano ikatoka yote. Nikajipongeza.

Fundi Rangi alipochungulia alikaa chini juu ya kopo lake la rangi. Kumbe kwenye msasa namba kubwa ndiyo laini. Mimi nilianza kwa kupapasa nikamalizia kwa kuparua. Akasema, "Mzee, hizi taa umezichana kwa uma." Shemeji yako naye akaja, akasema zimekuwa nyeupe kama zimemwagiwa maziwa. Mimi nikatazama, nikaona taa nzuri tu. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini nikajisemea hawa wamezoea kunionea.

Fundi akanituma nikanywe chai, akaanza upya kwa mpangilio wa watu wenye akili: mia nane, elfu moja na mia tano, elfu mbili, elfu tatu, kisha dawa ya kung'arishia na kitambaa laini, na mwisho akapaka vanishi ya kuzuia jua, maana bila hiyo njano hurudi upesi. Alipomaliza taa moja akaitwa na mteja. Nilipotoka na kikombe changu nikamkuta binti anatoka kazini, amesimama mbele ya gari pamoja na mama yake.

Akaniuliza kwa upole, "Baba, ipi iliyokwisha?"

Kijiti, nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Mayai mawili ya kuchemsha. Basi nikafanya kama mtu aliyechoka, nikaegemea gari, dole gumba likapita juu ya taa hii: inakwaruza. Nikahamia upande wa pili kama nakagua tairi: laini kama shavu la mtoto. Nikasema ni hii hapa, tena kipofu gani asiyeona. Binti akanipa ufunguo, akaniomba radhi. Nilitembea uani kama mbunge.

Jioni nilimkuta shemeji yako chumbani anakunja nguo. Hakuinua kichwa. Akasema, "Ulipapasa."

Akakunja shati langu, akaliweka. Akasema tena, "Siku ile ya nguzo, mimi nilikuwa nimesimama pale pale getini. Niliruka. Hukuniona." Kisha akachukua shati jingine.

Mwezi mzima hakumwambia mtoto. Nilimsaidia kukunja soksi, nikazikosea jozi zote.

Asubuhi nilimpelekea binti ufunguo kwa mkono wangu, nikamweleza habari ya dole gumba. Akanipeleka kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari akasema wanatoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka mpya, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Nikamuuliza wanatumia msasa namba ngapi. Yeye hakucheka. Binti yangu alicheka hadi akatoka nje, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya nguzo.

Kwa hiyo stesheni nitakuja, lakini nimekaa kiti cha pembeni, na mayai yetu yatafika salama. Jicho la kwanza ni Jumanne ijayo. Tuombee.

Msalimie sana mkeo, wale pacha, na shangazi yetu mwenye redio, mwambie bado namdai ile kofia. Shemeji yako na binti wanakusalimu. Mungu akulinde njiani, akunyooshe huo mgongo, na atukutanishe tukiwa tunaonana.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, mkorofi yule yule.

Nimesahau jambo. Fundi Rangi anataka kuimaliza taa ya pili, nimemkataza asiiguse. Bandeji ikitoka, binti atanisimamisha mbele ya gari aniulize tena ipi iliyokwisha. Safari hii mikono itakuwa mfukoni, na shemeji yako ndiye atakayesimamia.