Nimemfumania Bibi Msituni

Kozue! Kozue uko wapi? Nina aibu mpaka nataka kuhama huu mji.

Si unajua leo nilikuwa nawapandisha wageni wa Osaka mlimani wakaone magofu ya ngome? Nikajifanya mjanja, nikawapitisha njia ya mkato kwenye misonobari.

Namkuta bibi yangu. BIBI! Huyuhuyu wa magoti mabovu, ninayembeba mgongoni kila siku kwenda kuoga! Kachuchumaa anachuma matsutake, ule uyoga wa bei mbaya, mwepesi kama nyani.

Kumbe ndipo mahali pake pa siri! Hata mama hajawahi kuonyeshwa, si unajua kwetu mahali pa matsutake hutajwa mtu akiwa anakata roho.

Wageni wanapiga picha tu. Nikamuuliza, "Bibi, na magoti?"

Akanikazia macho. "Wewe nani? Sikujui."

Kanikana, Kozue! Mbele ya wageni! Halafu huyo, kashuka mlima mbio, katuacha tunahema.

Nimerudi nyumbani, nikamkuta kalala chali, mikono kifuani. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe."

Akafumbua jicho moja. "Nilisema mtapajua nikifa. Mmeshapajua, basi nimekufa. Haya, nibebe nikaoge, magoti yananiuma."