Mama Alivyofunga Yukata

Jumatano, Februari. Theluji inaanguka tangu alfajiri, taratibu, haina haraka na mtu. Nimekaa juu ya mkeka, miguu nimeitia chini ya meza yao yenye blanketi juu na hita ndani, na roho yangu nzito tangu adhuhuri.

Wanaonisoma kwetu Oman, kutoka Ibra na Sur, watadhani nimekuja kutalii. Kiwanda cha gesi ninakofanya kazi kule Sur kimenileta Japani kwa mafunzo, na mama aliposikia kasema tu, "Na mimi nakuja." Huyu ni mwanamke ambaye kumtoa Ibra kumpeleka Nizwa ni vita. Mafunzo yamekwisha, tumebaki siku chache, nimemleta mji huu mdogo wa milimani ambako maji ya moto yanachemka yenyewe kutoka ardhini na mvuke unatoka mpaka kwenye mitaro ya barabarani.

Mama anaumwa. Naandika wazi kwa sababu mwenyewe hafichi. Ugonjwa ulioondoka umerudi, na mara hii kawaambia madaktari wa Maskati khalas, dawa basi. Sisi watoto tumelia, tumegomba, tumemletea na masheikh. Hakubadilika.

Tumefikia nyumba ya wageni ya kizamani, wenyewe wanaiita ryokan. Milango ya karatasi, mikeka kila chumba, viatu unaviacha mlangoni kama kwetu. Magodoro yanatandikwa chini jioni na kukunjwa asubuhi. Mama karidhika, kasema hawa ni watu, wanajua kulala. Bibi mwenye nyumba ni mtu mzima, makamo ya mama. Akiingia chumbani anapiga magoti na kuinama mpaka uso unakaribia mkeka. Jana mama kajaribu kumjibu vile vile, kisha kaninong'oneza, "Shikamoo gani hii, mwanangu, nitavunjika kiuno!" Nimecheka mpaka nimeona aibu.

Leo baada ya chakula cha asubuhi tulivaa yukata, joho la pamba wanalompa kila mgeni. Halina kifungo. Unakunja upande mmoja juu ya mwengine, unafunga mkanda, basi. Mama kalivaa juu ya nguo zake, mtandio wake kichwani, katoka ukumbini. Yule bibi alipomuona alisimama ghafla. Akaweka trei chini, akaja mbio na soksi zake, akaomba radhi mara ngapi sijui, akamfungua mkanda na kumkunja upya, upande wa kushoto juu.

Nikapandwa na hasira. Mama yangu si mtoto wa kuvishwa nguo mbele za watu. Nikatoa simu itutafsirie, nikamuuliza kuna nini. Bibi kasita. Mwisho kaandika, na maneno yakatoka kwa Kiarabu: kulia juu ya kushoto huvikwa maiti.

Nilitaka kumficha. Mama kaniangalia usoni, kasema, "Soma." Nikamsomea.

Hakushtuka hata kidogo. Kamtazama yule bibi kwa muda, kwa upole, kama anayemtazama mtu wa kazi moja. "Kumbe na wao," kasema.

Mama ni muosha maiti. Mtaani kwetu Ibra mwanamke akifa, anayepigiwa simu kwanza ni yeye. Kafundishwa na mama yake Unguja, kabla hawajavuka kuja Oman. Upande wa kushoto wa sanda hukunjwa kwanza, halafu wa kulia huja juu. Mikono yake imewafunga hivyo wanawake wa watu umri wake wote, na leo, bila ya kufikiri, imemfunga mwenyewe.

Na mimi nikakumbuka jambo ninalolikimbia. Ramadhani iliyopita aliniita chumbani kwake akaniambia siku yake ikifika nimuoshe mimi, asiguswe na mwengine. "Muosha huoshwa, mwanangu. Nimekuchagua wewe." Nikamwambia tuyaache maneno hayo, nikachukua ufunguo wa gari nikarudi Sur. Tangu hapo kila nikenda Ibra nahakikisha hatubaki wawili peke yetu. Mwanamke mzima mimi, kazini naamrisha mafundi wanaume, wananiogopa, na naogopa kukaa sebuleni na mama yangu.

Kuna hamamu kubwa hapa ya wanawake, wanaingia uchi wa mnyama wote pamoja. Nilipomueleza mama, alivuta astaghfirullah ndefu mpaka nikadhani atadai kurudi nyumbani leo leo. Lakini ipo na ndogo ya familia, unaikodi na kufunga kwa ndani. Sharti lao ni kuwa hutii mguu majini mpaka ujioshe kwanza usafike, umekaa kwenye kigoda na ndoo ya mbao mkononi. Sharti hilo mama kalipenda, adhuhuri tukaikodi.

Kakaa kigodani, kajifunga kanga kutoka kifuani mpaka chini ya magoti. "Nimwagie," kasema. Tangu operesheni ya ugonjwa wake mikono yake haifiki nyuma. Nikachota maji.

"Anza upande wa kulia."

Nikaanza kulia.

"Usinifunue. Tia mkono chini ya kanga. Polepole, maji yasinipige. Mwili una haya zake."

Kichwa, bega la kulia, ubavu, mguu. Kisha kushoto. Sauti yake ilikuwa ile ile aliyonifundishia kukanda unga wa maandazi, na mimi nafuata tu, kama mjinga, nafurahi kuwa leo hanigombi. Nikafika mgongoni. Akasema, "Maji ya mwisho ndiyo unayatia kafuri."

Kafuri, ile ya kuoshea maiti.

Ndoo ikanitoka. Nililia kwa sauti, wallahi, mpaka nikaogopa yule bibi atakuja kugonga mlango. Mama hakugeuka. Kangoja.

"Umekwisha?"

"Bado."

"Basi lia huku unamwaga. Povu linaniingia machoni."

Nikaokota ndoo. Sikuwahi kuuona mgongo wa mama maisha yangu yote. Umekonda. Una alama ya kisu kutoka kwapani, na chini ya bega kuna doa jeusi ambalo na mimi ninalo, pale pale. Nimeliosha doa lile mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Aliposafika kaniambia nigeuke, kavua kanga kaingia majini. Daktari kamruhusu kidogo tu, kwa hiyo nikakaa pembeni uso ukutani, namsikiliza. "Aaah, alhamdulillah," pumzi imemtoka yote. Kwa vile sikuwa namuona, nikapata ujasiri wa kumuuliza. Kwa nini mimi? Kwa nini si dada, ambaye ana moyo wa chuma na hata damu haimtishi?

"Dada yako ataniosha haraka ili yaishe," kasema. "Wewe mwoga. Mwoga ana mkono laini."

Nikasema nitamuosha. Nikahisi sauti yangu imezama kwenye mlio wa maji, nikarudia kwa nguvu, nimeutazama ukuta: "Nitakuosha mimi, mama. Mimi, si mtu mwengine."

Nikadhani bado hakunisikia.

"Haya," kasema mwisho. "Niletee taulo basi, nishaiva."

Amesali Alasiri, sasa amelala. Bibi mwenye nyumba kaleta chai, kamuona kalala, kaiweka mlangoni na kuondoka kimya kimya. Theluji bado. Ningependa kuandika kuwa nimepata utulivu, lakini ningekuwa naongopa. Nikimtazama pumzi zake nazihesabu bila ya kutaka.

Tukirudi Ibra, msiba wa mwanamke ukitokea mtaani, nitafuatana naye. Nitashika birika, nitachota maji, nitasimama atakaponisimamisha. Kwa watu wa mbali kwanza, wakati yeye yupo pembeni yangu wa kunisahihisha. Naogopa sana. Lakini sitaki maiti wa kwanza kumgusa awe mama yangu.