Mshale wa King'ora cha Shambani

Qurus, Karatu
9 Juni 2024

Mpendwa mpwa wangu Goodness,

Anayekuandikia ni fundi ambaye akiugua mafua, redio zote kuanzia hapa hadi lango la Ngorongoro hukoroma. Hilo unalijua. U hali gani huko Mbeya? Chuo kinakwendaje? Sisi tu wazima. Mama yako ana kikohozi kidogo cha vumbi, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Mchoro ulionitumia kwenye simu nimeupata, na tangu niutazame sijatulia. Ule mshale, mwanangu, kumbe una kazi?

Miaka yote nikiona alama ya transista, lile duara lenye miguu mitatu, nilijua mshale ni chapa ya kiwanda. Kama ng'ombe tu: ukoo huu chapa hii, ukoo ule chapa ile, maziwa ni yaleyale. Leo unaniambia mshale ukitoka nje ni NPN, ukiingia ndani ni PNP, na ukiweka moja mahali pa nyingine umeua mtambo. Ilibidi nikae chini.

Na hiyo transista ya aina nyingine, MOSFET, ndiyo imenimaliza. Eti mguu wake mmoja, geti, umetengwa, haugusi kitu, na bado ndio unaoamuru umeme upite au usipite. Hata mke wangu Cresensia hajafika huko, na yeye huniamuru akiwa sokoni Karatu.

Sasa sikia kwa nini moyo unanienda mbio. Kile king'ora cha sola cha kufukuzia tembo shambani kwa mama yako kiliungua transista, mahindi ndiyo yanakauka, chakula chenu cha mwaka kimesimama pale. Mchoro wa ndani ya kifuniko ulikuwa na mshale wa kutoka. Nikang'oa transista ya redio mbovu ya jirani yetu Patrisi, ambayo mchoro wake una mshale wa kuingia, nikaichomea mahali pake.

Jumatano jioni tembo wakatoka msituni. Nikabonyeza. Ukatoka moshi.

Patrisi akaniuliza, "Fundi, hiki kinawafukuza au kinawapikia?"

Mama yako hakucheka. Aliyatazama mahindi yake, kisha yeye na Patrisi wakakimbilia nyumbani. Wakiwa huko wakasikia mlio mkali, wakaona tembo wanageuka. Sasa kijiji kizima kinasifu king'ora changu, na mama yako ameacha kulinda shamba. Hapo ndipo penye hatari. Nitumie transista ya NPN kwa basi la kwanza, tafadhali.

Cresensia na mwanetu Piusi wanakusalimu sana. Mungu akulindie macho na vidole vyako.

Nami ni mjomba wako nikupendaye,
Remigius

N.B. Usimwambie mama yako. King'ora hakikulia. Ule mlio ulikuwa wangu, nikiwa juu ya mti, na hadi leo sauti haijarudi.