Hema la Kuta Nne

3 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Huku sote wazima, isipokuwa Kiroboto ameng'oa jino la mbele kwa kuruka kutoka juu ya meza, na sasa anamwonyesha kila mgeni pengo lake kama cheti. Dada yake, Bi Mkubwa, anasema yeye alipokuwa na miaka minne alikuwa na akili zaidi. Simu yako najua bado iko kabatini. Nimepiga mpaka nimechoka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nina ombi. Mwezi wa nane, shule zikifungwa, tunakwenda kupiga kambi karibu wiki mbili kwenye lile ziwa la mlimani, juu ya mji wako. Mwalimu, mume wangu huyo na hesabu zake, alitaka kununua hema dukani. Nimemwambia haiwezekani mtoto wa fundi mahema akalale chini ya hema la dukani, watu watanicheka. Tushonee wewe. Liwe la watu wanne, lenye kuta pande zote, maana kule juu baridi haina adabu.

Mshona viatu jirani yako ameniambia kwamba unashinda kitini tangu asubuhi hadi jioni, dirisha limefungwa. Usimgombeze, nilimuuliza mimi. Naogopa, baba. Nasema wazi.

Binti yako


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yana maneno mengi, ila nimeyazoea. Mpe pole Kiroboto, na umwambie babu yake pia ana mapengo na hajawahi kuyatembeza kwa wageni. Mshona viatu ana mdomo ambao ningeushona, kama ningekuwa bado nashona.

Jibu ni hapana, na sababu unaijua. Miaka arobaini nimeshona mahema ya harusi na ya misiba, watu wakala, wakalia, wakacheza chini yake. Halafu siku moja mshono ukaachia, hema likawaangukia watu wakiwa na sahani mkononi, shangazi wa bibi harusi akavunjika mkono. Wote walisema ni upepo. Mimi nilikwenda kuuangalia mshono wenyewe. Ulikuwa wangu, na ulikuwa mbovu.

Miaka miwili sasa karakana imefungwa. Unataka wajukuu wangu walale chini ya kitu kilichotoka kwenye mikono hii? Nunueni la dukani. Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Mwalimu.

Baba yako


15 Juni

Baba,

Shikamoo tena. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Ndani ya bahasha kuna uzi. Nimewapima wote wakiwa wamelala sakafuni. Fundo la kwanza ni Kiroboto, ila toa inchi moja kwa sababu alikuwa anajinyoosha makusudi ampite dada yake. La pili ni Bi Mkubwa. La tatu ni mimi. Mwisho wa uzi ni Mwalimu, aliyelala amekakamaa kama anapigwa picha ya pasipoti.

Binti yako


20 Julai

Mwanangu mkaidi,

Hujambo wewe na kikosi chako? Mimi sijambo, vidole tu vimetobokatoboka.

Hema nimelipakia kwenye basi la leo asubuhi. Usinishukuru. Nilitaka tu kuona ule uzi unafika wapi, nikautandaza sebuleni, nikaona fundo la kwanza lilivyo karibu na mwanzo. Mtoto mdogo namna ile. Sikuweza kulala vizuri.

Karakana sijaifungua. Nimeshona kwa mkono, hapo hapo sebuleni. Kila mshono nimeupiga mara mbili, nikaufumua, nikaupiga mara tatu. Hema lenye kuta sijawahi kulishona maishani, la harusi liko wazi na watu huingia popote wanapoona chakula. Kwa hiyo kuta hizi nne nimezifanyia kazi kwelikweli. Hapapiti kitu.

Upepo ukianza, toa watoto kwanza, vitu baadaye. Niahidi.

Baba yako


9 Agosti, ziwani

Baba,

Shikamoo. Umeketi? Keti kwanza.

Tumefika salama jana. Ziwa liko mbele yetu, baridi mpaka meno yanagongana, na watoto hawataki kutoka majini. Bi Mkubwa ameshajaza viluwiluwi kwenye birika letu la chai. Alikuja kutuonya mama msimamizi wa kambi, baada ya Mwalimu kunywa kikombe cha kwanza.

Hema tulilisimamisha kwa nusu saa. Zuri, baba, kila mpita njia anasimama. Kisha Mwalimu akabeba godoro aingie ndani. Akalizunguka hema mara moja. Akalizunguka mara ya pili. Akaweka godoro chini, akasema kuta ni nne na kila ukuta ni mzima. Halafu akazunguka kinyume, eti pengine mlango unaonekana ukija kutoka upande wa pili.

Hukuweka mlango, baba.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye nyasi. Kiroboto ndiye aliyetatua, aliinua pindo akapenya chini yake kama paka. Sasa sote tunaingia hivyo. Mwalimu alikwama kiunoni, kichwa ndani na miguu nje, na badala ya kuomba msaada akaanza kutufundisha habari za msuguano. Sijawaona watoto wangu wakifurahi hivi tangu wazaliwe.

Barua hii naikabidhi kwa dereva wa lori la mboga. Hupanda huku kila Jumatatu na Alhamisi kutoka soko la kwenu, na hurudi siku hiyo hiyo. Mtandao hakuna. Sasa tumekuwa kama wewe na simu yako ya kabatini.

Nimekuahidi lile la upepo.

Binti yako


11 Agosti

Mwanangu,

Salamu utanisamehe, leo sina za kutosha.

Aibu imenishika mpaka masikioni. Fundi wa miaka arobaini ameshona gunia, akaliita hema! Nimekaa nikijiuliza nilikuwa nawaza nini, na jibu ninalo. Nilikuwa nawaza upepo. Kila nilipoona nafasi, niliiziba.

Sasa umeona mwenyewe kwamba baba yako amekwisha. Msilale humo hata siku moja zaidi. Lichaneni mfanye matambara, na mwombe huyo mama msimamizi awapangishe chumba. Na nyote mnaocheka, chekeni polepole.

Baba yako


12 Agosti, ziwani

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata sasa hivi, na lori linaondoka baada ya chai, kwa hiyo naandika mbio.

Jana saa tisa alasiri upepo ulishuka kutoka mlimani bila hata kubisha hodi. Niliwatoa watoto kama nilivyokuahidi, tukajibanza nyuma ya kibanda cha mama msimamizi. Mahema yalianza kung'oka moja baada ya jingine, yote ya dukani. La bwana mmoja mpiga picha lilitua ziwani na kitanda chake ndani. Kibanda nacho kikapoteza mabati mawili. Lako lilivimba, likatikisika, likakaa. Likavimba tena, likakaa.

Mvua ilipoanza, mama msimamizi akatuangalia, akapandisha sketi magotini, akapita chini ya pindo. Watu wote wakamfuata wakitambaa. Tulikuwa kumi na saba, baba. Nami nilivunja ahadi, nakiri. Niliushika mshono wa pembeni kwa mikono miwili nikauvuta kwa uzito wangu wote, nawe unajua sasa hivi uzito wangu si mdogo. Haukutoa hata sauti. Ndipo nikawaingiza watoto.

Humo ndani mpiga picha akasema upepo umetafuta mlango mpaka umekata tamaa. Watu walicheka hadi hema likatikisika kwa ndani.

Asubuhi hii Mwalimu alitoa kisu ili atukatie mlango, Kiroboto akalala mbele ya ukuta na kugoma. Kisu nimekichukua mimi. Kazi yako hataikata mtu mwingine. Njoo uikate mwenyewe. Lori hutoka sokoni Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na dereva amenishikia kiti cha mbele.

Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Nakutaka hapa.

Binti yako


26 Agosti, ziwani

Mwanangu,

Mmefika salama? Wiki nzima tangu muondoke, na huku pamepoa bila kelele za watoto. Mimi sijambo, magoti yamenyamaza, sijui ni maji ya ziwa au ni woga wa mama msimamizi.

Najua nilisema nitashuka na lori la Jumatatu. Lilikuja nikiwa nimeshika sindano, likaondoka. La leo nalo naliona pale, naandika haraka nimpe dereva barua badala ya kupanda mwenyewe. Mama huyu ana mahema tisa yamechanika, na mpiga picha anataka kama letu, kuta nne. Nimemuuliza mara tatu kama anataka na mlango. Kwa mkono sitamaliza. Ukipata nafasi, nenda mjini kwangu, mshona viatu ana ufunguo wa karakana. Unipakilie cherehani kubwa kwenye lori, na miwani iliyo juu ya kabati. Simu iache hapo hapo.

Mwambie Kiroboto mlango niliokata upande wa ziwa unafanya kazi vizuri, na watu wazima wote wanautumia. Nilimwona alivyokuwa akinyemelea pindo nilipogeuka.

Juzi alasiri upepo ulishuka tena. Nilikuwa ndani ya hema letu peke yangu, nimejinyoosha. Nilisikia kamba zinalia, nikainuka nitoke. Kisha nikakaa. Nikausikiliza mshono wa juu kutoka pembe hii hadi ile, wote. Nikalala chali kuusikiliza vizuri zaidi.

Mama msimamizi anasema alipokuja kuniokoa alinikuta nakoroma.

Baba yako