Haikuwa Hina Tupu

Baba Rukia,

Mola akupanulie hapo ulipolala. Edda yangu imekwisha Jumatatu. Wanawake walikuja wakanikogesha, wakanivisha nguo ya rangi, tukasoma dua, tukala. Leo nimetoa daftari la zamani la Rukia nikuandikie. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la saba, basi usome polepole kama ulivyokuwa ukisoma karatasi zangu za sokoni huku ukinicheka.

Nyumbani hatujambo. Paa la jikoni tumelitengeneza. Mbuzi wako mweupe kazaa mapacha. Alfajiri siku hizi anaadhini mwengine, sauti anayo, lakini anaikimbiza adhana kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mimi huamka kabla yake, nikanyoosha mkono upande wako. Basi.

Lakini sikukaa kitako kukupa habari za mbuzi. Kuna neno limenikaa kooni tangu harusi ya mtoto wetu Rukia, nawe umeondoka hujalisikia.

Unakumbuka siku walipoleta posa. Yule mama wa Kisauni aliyekuja nao alikuona ukipita uani na birika lako la udhu, akaniuliza, "Huyu ndiye babu yake bibi harusi?" Wenzake wakacheka chini chini. Nami nikacheka, wallahi, lakini iliniingia. Miaka kumi na mitano uliyonizidi sikuwahi kuiona mingi ila siku ile. Nikaanza kukusumbua: ndevu, ndevu, ndevu. Ukanambia, "Mama Rukia, mvi hizi nimezitolea jasho, leo wataka nizifukuze?" Mwisho ukakubali hina, maana hina haina ubaya, wazee wangapi hapa Jomvu wanapaka. Nyeusi ndiyo hukuitaka. Wewe mwenyewe ndiwe uliyekuwa ukiwafundisha watu msikitini kwamba nyeusi ni kumdanganya anayekutazama.

Nilijua hayo. Nilijua vizuri.

Siku mbili kabla ya nikahi ukakaa kwenye kigoda uani, kanga yangu kuukuu mabegani. Hina nilikuwa nimeikoroga jikoni kwa chai ya rangi na ndimu, na ndani yake nikamimina pakiti mbili za piko, ile ile wanayowachorea maharusi maua meusi mikononi. Harufu ya hina ikaifunika. Nikakupaka kwa mswaki wa zamani, shavu hili, shavu hili, nawe umefumba macho kama mtoto anayenyolewa. Ulikuwa ukinisimulia kisa cha ujana wako, sijui kipi, sikusikia hata neno. Baada ya nusu saa nikakwambia ukaoshe. Ukauliza, "Leo mbona mapema? Hina si ya kushinda nayo?" Nikasema, "Hii ni hina mpya, yashika haraka."

Ulipoinua uso kwenye kioo, Baba Rukia... Nyeusi, kama masizi. Hukufoka. Uliniangalia tu, ukauliza, "Umetia nini?"

Nikasema, "Hina tupu. Labda wameichanganya huko dukani."

Hapo ndipo nilipokosa. Kule kupaka ningeweza kusema ni mapenzi. Lile neno la dukani halina jina jengine ila uongo.

Ukaosha kwa sabuni, ukaosha kwa ndimu, mpaka ngozi ya kidevu ikawa nyekundu. Kunyoa hukutaka. Ukaenda msikitini hivyo hivyo, na walipokuuliza ukawaambia ulichoambiwa nyumbani, kwamba hina ya dukani ilikuwa na kitu ndani. Nani akuamini? Rafiki yako Bwana Kassim ndiye aliyeanza: "Jamani, mwacheni mzee, hina imempotelea njia!" Mwengine akadakia, "Sasa tuambieni, bwana harusi ni yupi?" Siku ya nikahi ulimwozesha mwanao ukiwa umeinamisha kidevu kifuani. Na yule mama wa Kisauni, niliyekufanyia hayo yote kwa ajili yake, hakukutazama hata mara moja.

Baada ya harusi ukahama safu, ukawa unasali nyuma kabisa. Darasa lako la Alhamisi ukaliacha. Nilipokuuliza kwa nini, ukasema, "Nitawafundisha nini watu wanaoniona muongo?" Nilikuwa napepeta mchele. Nikaendelea kupepeta.

Sijui kama ulinijua. Kuna jioni ulinitazama kwa muda, nikadhani utauliza tena, ukaomba maji. Ungeuliza, huenda ningesema. Huenda. Sina hakika, na sitaki kukudanganya tena.

Miezi miwili baada ya harusi moyo wako ukasimama, uko kwenye mkeka, umemaliza Adhuhuri. Kassim ndiye aliyekuosha. Akaja kunipa pole, mimi nipo nyuma ya pazia, akanambia kwa sauti ya kilio, "Shemeji, nimemuosha mwenzangu. Ndevu zilikuwa zimeanza kurudi nyeupe kwenye shina. Nimemwombea Mola amsamehe ule uongo wake mdogo."

Nami nikaitikia Amin.

Uongo ni wangu, dua ya kusamehewa umeombewa wewe, na mkeo akaitikia. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani na hilo. Nimesoma Yasini, nimeomba toba, nikifika mwisho nalisikia lile Amin langu, nakatika.

Basi jana nikamwita Kassim. Rukia akakaa nami. Nikamweleza yote, tangu pakiti za piko mpaka mwisho. Akavua kofia akaiweka gotini. "Kumbe alisema kweli," akasema. Kisha, "Na mimi ndiye niliyewachekesha watu." Akafuta macho, halafu akanambia, "Shemeji, hili tulisitiri. Wewe ni mtu wa heshima, na mtoto ana wakwe." Rukia naye akanibana mkono: "Mama, yatosha. Ushasema."

Nilitamani kukubali. Sitara ni tamu, Baba Rukia. Lakini sitara hiyo ingenifunika mimi peke yangu, na aliyeachwa wazi ni wewe, usiyeweza tena kujisemea. Nikamwambia Kassim: ulimcheka mbele ya watu, basi mbele ya watu umsafishe, baada ya sala ya Ijumaa, na jina langu ulitaje. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara zote tatu nikasema ndiyo.

Rukia kaondoka hajaniaga. Nitamfuata, ni mwanangu. Wakwe nao watasema watakayosema.

Ijumaa ni kesho. Nitakuwa upande wa wanawake, na wakigeuka kunitazama sitaondoka. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Kwa hivyo nakuahidi: maadamu ni hai, kila sala nitakuombea, na siku tutakayokutana nitakuja kwako kwanza kuomba radhi, kabla ya salamu. Ukikawia kujibu, nitangoja.

Lala salama, mume wangu. Hukusema uongo. Ni mimi.

Mkeo,
Mama Rukia