Farasi Aliyedaiwa na Ansufi

Moroni, Jumamosi

…na farasi wangu hayupo. Nimefungua mchezo wa mtandaoni nikakuta zizi tupu na ujumbe: aliyekununulia zawadi hii ameomba leo asubuhi arudishiwe fedha zake, amerudishiwa.

Aliyenunua ni Ansufi, mtoto wa mama mdogo, kule Mutsamudu, kisiwa cha jirani. Tangu wanajeshi washuke huko kuwaondoa waliojitenga, simu yake haiiti, na chakula hakimshuki Mama.

Kwetu anayedai zawadi aliyokwisha kuitoa huchekwa mpaka kwenye harusi za wajukuu wake. Nikamwambia Mama, “Ansufi amemchukua farasi aliyenipa.”

“Farasi gani?”

“Wa kwenye kompyuta.”

“Farasi asiyekuwepo, na bado kamdai?”

“Leo asubuhi, Mama. Na neno la siri la akaunti yake analijua yeye tu.”

Akalia, akacheka, akaomba wali.

Subhanallah! Meli hazivuki, sauti haivuki, ila ubahili wa Ansufi umevuka bahari kutuambia yu hai.

Zizi sijalifunga. Nimekaa nikilitazama, tupu vile vile, kama mtu aliyeuona mwezi wa Idi.