Kidani cha Wairimu

Riruta, 3 Februari 2025

Mpenzi Kui,

Habari ya huko mjini na shughuli za duka? Mimi sijambo, ila macho. Daktari anasema ni presha ya macho, na kilichoharibika hakirudi. Kwa hivyo usiniandikie kwa simu, herufi zake sizioni. Andika kwa karatasi, kubwa kubwa, umpe Musembi wa bodaboda.

Nimekitoa kidani cha marehemu mama yako sandukuni. Nyuzi za kando zimelegea kidogo, nitazikaza kabla ya harusi yako. Mimi na Wairimu tulikishona pamoja, yeye upande wa kushoto, mimi wa kulia, na cucu yako, mama yetu, akitufumulia kila tukikosea rangi. Nilimfunga dada yangu shingoni siku ya harusi yake. Agosti nitakufunga wewe.

Ijumaa nitakuja kwa ufunguzi wa duka. Msalimie mchumba wako Kibe.

Tata yako, Nyokabi

Mjini, 11 Februari 2025

Tata wangu,

Habari ya macho? Mimi niko mzima, lakini roho haijatulia. Ulitoka dukani bila kuaga na chakula ukakiacha kwa sahani.

Naomba unielewe. Mama Kibe aliniuliza ghafla, wageni wakiwa wamenizunguka. Hao watu wanajua mitindo yote ya shanga nimebuni mimi, hata gazeti liliandika hivyo. Ningeanza kueleza mambo yako na ya cucu ningeonekana mwongo. Neno lilinitoka tu. Moyoni wewe ni mama yangu, unajua.

Mtoto wako, Kui

Riruta, 2 Machi 2025

Kui,

Nilikuwa na homa, sasa nimepata nafuu. Wewe natumai huna shida.

Neno halikukutoka tu. Mama Kibe alisema, "Huyu mama mnafanana, ni nani wako?" Ukamjibu, "Ni kibarua, tunampa shanga anatuunganishia." Kisha ukanigeukia: "Mama, unaweza kwenda kula na wale wengine huko nyuma." Nikaenda huko nyuma. Wapishi walinipa kiti.

Wairimu alipokufa ulikuwa huna meno ya mbele. Nilikufundisha kutunga shanga ili uache kulia usiku.

Sitaki msamaha wa karatasi. Mlete Mama Kibe hapa Riruta anywe chai kwangu, umwambie mimi ni nani. Siku hiyo utaondoka na kidani.

Tata yako, Nyokabi

Mjini, 20 Juni 2025

Tata,

Habari za siku nyingi? Natumai macho yako yanaendelea vizuri. Sisi tuko sawa, tunapanga harusi.

Siwezi kumleta Mama Kibe huko. Choo ni cha wapangaji wote wa ploti, na paa linavuja. Halafu niliwaambia nililelewa na masista, kwamba sina mtu. Nikikutaja wewe sasa, kila kitu kitaanguka.

Kidani ni cha mama yangu, si chako. Mpe Musembi akilete. Harusini usije, tafadhali. Ikipita nitatafuta njia ya kukuona.

Mtoto wako, Kui

Riruta, 26 Julai 2025

Kui,

Sijambo. Natumai nanyi mko salama.

Umesema kweli, ni cha mama yako. Musembi atakupa mfuko. Nilikaa mlangoni penye mwanga nikakikata uzi, mstari kwa mstari. Nilianzia upande wangu. Nilipofika upande wa Wairimu mkono ulisita, kisha ukaendelea. Vifundo vyake vilikuwa vidogo kuliko vyangu, vilinisumbua.

Shanga zote zimo. Gazeti limesema wewe ndiye unayebuni. Basi buni.

Tata yako, Nyokabi

Riruta, 14 Novemba 2025

Kui mwanangu,

Habari ya ndoa? Anayeandika ni Musembi, mimi nasema tu. Jicho la kulia limezimika. La kushoto linajua dirisha liko wapi, basi.

Nilisikia harusi ilipendeza, na kwamba shingoni hukuvaa kitu.

Vidole vyangu bado vinajua kazi. Njoo na ule mfuko. Wewe utanitajia rangi, mimi nitashona, na ule upande wa mama yako ushone wewe, una mkono mwepesi kama wake. Usije na mtu kama hutaki. Na Mama Kibe akiuliza unaenda wapi, mwambie unaenda kwa kibarua wako. Mimi sitakataa.

Tata yako, Nyokabi

Kitisuru, 5 Desemba 2025

Tata,

Salamu. Huku tuko wazima. Musembi, msomee polepole.

Mfuko ulipofika niliumwaga kitandani nikajaribu kuanza, nikashindwa hata mstari wa kwanza. Nililia mpaka Kibe akauliza ni nini hizo. Nikamwambia ni mali ya duka.

Kwa hivyo nikazipeleka dukani. Wasichana wakazitengeneza zikawa herini, na tukaweka kadi iliyosema ni shanga za bibi harusi aliyekufa akiwa kijana. Watu walizipenda sana. Mama Kibe alichukua za kwanza, anazivaa kanisani. Nyingine zilienda Ujerumani, zingine sijui zilienda na nani. Zimeisha.

Usimtume Musembi tena. Mlinzi ameambiwa asimfungulie.

Mke wa Kibe